Kitrekta Changu na Leso ya Mkwe

Kama wewe ni mtu wa kutazama simu basi huenda umeshaniona, mimi ndiye yule mzee wa Gede, juu shati jeupe na tai, chini leso ya kike yenye maua ya korosho, amekalia kitrekta chekundu kisichofika hata kifua cha ng'ombe, na nyuma yake trela imejaa wakwe wanaopiga vigelegele. Wamenicheka Gede, wamenicheka Malindi, mpaka Kaloleni nilikozaliwa, shangazi yangu (hasikii vizuri, na macho nayo ni hivyo hivyo) alishikiwa simu akaonyeshwa, akasema huyu ni Charo wetu, nayajua magoti hayo. Sikatai, ni mimi. Niliaibika, tena niliaibika mbele ya wakwe, na kwetu hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Lakini ukiitazama tena ile video usikimbilie leso, tazama gurudumu. Linazunguka. Aliyeipiga alianza mwisho, kwa hivyo mwanzo nauandika mimi mwenyewe, kwa mkono huu ambao shuleni ulifika mahali pa kuandika jina tu ukatolewa kwenda kuchunga mbuzi.

Kitrekta kile nilipewa na Mwitaliano mmoja wa Watamu niliyemtunzia bustani yake, nikikata majani, nikimwagilia, nikivuta takataka kwa trela, mpaka uzee ukamrudisha kwao. Siku ya kuondoka wenzake huwapa watu wao saa (saa ya nini, mimi naangalia jua), yeye alinishika mkono akanikalisha juu ya kitrekta akasema chukua, wewe ndiye unayezijua kelele zake. Na kweli nilizijua. Injini yake ni ya silinda moja, haina ufunguo, unazungusha kamba kwenye gurudumu la mbele ya injini unaivuta kwa nguvu zako zote, ikiwaka inalia tu-tu-tu-tu kama mwanamke aliyekasirishwa anatwanga mahindi. Ni cha zamani kuliko watoto wangu wote. Nimekilimia mihogo, nimekibebea maji, nimempeleka nacho mke wangu Mama Kahindi zahanati akiwa na uchungu wa mtoto wa mwisho, na alipofika alisema heri angetembea, lakini alifika.

Sasa, Kahindi ndiye mwanangu mkubwa, anafanya kazi Mombasa kwenye ofisi yenye baridi, mtoto mzuri, haniachi na njaa, ila ana ugonjwa mmoja wa kuona haya. Mdogo wake Kadzo alipochumbiwa na kijana wa Magarini, na wakwe wakatuma habari kwamba Jumamosi wanakuja kuposa rasmi, Kahindi akaja nyumbani mapema kufagia. Akafagia uani, akafagia nyuma ya jikoni, akafika kwenye kitrekta.

"Baba, hiki chuma kitoke kabla wakwe hawajakiona."

"Chuma gani?"

"Hicho wanacholalia kuku."

"Kuku wanalala mahali pa heshima," nikamwambia.

"Baba, hakiwaki. Nimeshaongea na mtu wa vyuma vikuukuu, Jumatatu anakuja na pikapu. Kama angepata nafasi angekuja leo."

Mwanangu! Kitrekta kilichomlea! Damu ikanipanda kichwani, na mdomo wangu nikikasirika huwa hauniulizi, nikasema pale pale mbele ya mama yake na Kadzo, "Wakwe hawatapanda bodaboda. Nitawachukua mimi kutoka lami mpaka hapa uani, kwa hicho hicho."

Kahindi akacheka, lakini kwa adabu. "Basi tupatane, baba. Kikiwaleta bila kusukumwa, sikigusi mpaka nazikwa. Kikisukumwa hata hatua moja, Jumatatu kinakwenda."

"Haya."

Mama Kahindi alikuwa anachambua kunde, hata hakuinua uso. "Charo," akasema, "huo si ndio mdomo uliosema utaezeka jikoni?"

Niseme ukweli, Kahindi hakusema uongo. Kitrekta kilikuwa na maradhi. Na maradhi yale, msicheke, niliyaleta mimi kwa ufundi wangu. Kifuniko cha tangi la petroli kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kikanivunjikia mkononi. Kifuniko cha bati, katikati kina kitundu kidogo kama cha sindano, ambacho miaka yote nilikuwa nakiona nasema hawa waliotengeneza hawakuwa makini, petroli ni kitu cha kukimbia, mbona wakaacha tundu? Nikaamua nitengeneze kizibo changu mwenyewe, kizuri kuliko chao. Huo ndio uamuzi mdogo. Hapo ndipo nilipoanza kuivaa leso, ila nilikuwa sijui.

Kuziba ni kazi ninayoijua. Ujana wangu Kaloleni nilikuwa mgema, nilipanda minazi ambayo watu wa siku hizi wanaitazama kutoka chini kwa woga, na mgema lazima ajue kuziba mtungi. Mnazi wenyewe, yaani tembo letu, huzibwa kwa makumbi ya nazi, tena kwa kulegeza, kwa sababu mnazi unachemka wenyewe, ukiubana unapasua mtungi (kuna mgema mwenzangu alibana mtungi akaulaza chini ya kitanda cha mama mkwe wake, hiyo ni hadithi nyingine, alihamia Mariakani). Mimi nikawaza hivi: mnazi unataka kulegezwa, petroli si mnazi, basi petroli inataka kubanwa. Nikachonga kipande cha mti, nikakizungushia makumbi, nikakipaka nta ya nyuki, nikakigonga kikaingia, hata harufu haikutoka. Nilikitazama kizibo kile kama mtu anavyomtazama mjukuu wake wa kwanza.

Tangu siku hiyo kitrekta kikawa kinawaka vizuri, tu-tu-tu-tu, kinakwenda mpaka kwenye mkorosho wa pili, kinakohoa, kinazima.

Nikasema plagi. Nikaifungua, nikaisugua kwa msasa, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, Mama Kahindi akavuta kamba (ana mkono kuliko mimi, hilo lisitoke hapa), cheche ikaruka ya buluu safi. Si plagi. Nikasema kabureta. Nikaifungua yote, nikaiosha kwa petroli, kile kitundu chake chembamba nikakizibua kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, nikapuliza nikaona hewa inapita. Si kabureta. Nikafungua chujio la hewa nikakuta manyigu wamejenga, wakanishukuru kwa kuniuma sikio, nikawatoa. Si manyigu. Nikanyonya mpira wa petroli kwa mdomo, ukapita, nikalala na ladha yake siku nzima na Mama Kahindi akanikataza nisikaribie jiko.

Na kila kilipozima nilikuwa nafungua kizibo nitazame kama petroli ipo. Kizibo kikitoka kinasema fyuuu, kama mtu anayevuta pumzi. Natumbukiza kijiti, petroli ipo, nafunga, navuta kamba, kinawaka! Mpaka mkorosho wa pili. Nikatazama jambo hilo kwa makini sana na akili yangu yote, na nikapata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa hili: ile fyuuu ni nguvu ya petroli inatoroka. Kizibo changu hakijabana vya kutosha.

Jumamosi nikavaa suruali ya suti ya kanisani, shati, tai ya Kahindi. Nikateremka Gede mapema, trela tupu, nikisimama njiani kufungua na kufunga, majirani wakiniuliza mzee, kitrekta kinakwenda haja? Nilikuwa na mpango. Nikafika stejini, pale lami matatu zinaposimama, nikaegesha palepale juani ili wakwe wanione kwa mbali, nikajaza tangi mpaka mdomoni, nikalainisha nta yangu kwa vidole, nikakipaka kizibo pande zote, kisha nikakitwanga kwa jiwe mpaka kikalingana na bati. Sasa, nikasema, itoroke nione.

Wakwe wakachelewa. Jua la saa sita Gede mnalijua, likapiga bati la tangi mpaka halishikiki. Kahindi naye akaja kwa bodaboda, miwani nyeusi, akasimama kivulini na mikono mfukoni kama refa. Pale stejini yupo fundi mmoja wa pikipiki, Mutiso, kijana wa bara, mcheshi, akakizunguka kitrekta akitingisha kichwa.

"Mzee, hii kitu si ilikufa na mkoloni?"

"Mkoloni kafa, chenyewe kipo," nikamwambia.

"Na hii petroli inadondoka huku chini ya kabureta?"

"Kimeshiba. Mtu akishiba hutoa mate."

Wakwe wakashuka. Mbele alikuwa mama wa bwana harusi, Mama Safari, mwanamke mkubwa mwenye kimo na sauti, leso mpya jozi, moja kiunoni na moja mabegani, na nyuma yake dada zake na wazee wawili waliobeba mitungi ya mnazi. Huo mnazi niwaeleze, kwa sababu ndio utakaonimaliza. Kwetu wanaokuja kuposa huja na mnazi, na haufunguliwi njiani wala mlangoni. Huwekwa chini mbele ya watu wote, baba wa msichana anamwita binti yake anamuuliza, mwanangu, mnazi huu tuunywe? Akisema unyweni, ameolewa. Akinyamaza, wageni wanajibebea mitungi yao. Kabla ya hapo hata tone halitoki.

Na Mama Safari kwangu sasa ni mkwe. Mkwe humtazami usoni kwa ukali, huli mbele yake, hata kiti alichokalia yeye hukikalii. Nikainamisha kichwa nikamkaribisha kwa maneno mazuri, nikawapandisha kwenye trela niliyoitandika mikeka, mitungi ikawekwa katikati. Nikazungusha kamba. Nikavuta.

Kimya.

Nikavuta tena. Kimya, na harufu ya petroli. Vijana wa bodaboda wakaanza kukusanyika.

"Imekunywa sana," Mutiso akasema. "Toa plagi uone."

Nikaitoa, imelowa chepechepe. Nikaipangusa kwa kitambaa changu cha mkononi, nikairudisha, nikavuta. Ikalowa tena. Nikapangusa, nikavuta. Tai imenizonga, jasho limenijaa machoni, na kwenye trela wazee wanakohoa kile kikohozi cha kusema tunaona lakini hatusemi.

"Tusukume, mzee?" vijana wakauliza, wameshainama.

"Asikiguse mtu!"

"Baba," Kahindi akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko manyigu, "wacha wasukume tu. Watu wako juani."

"Nimesema asikiguse mtu!"

Nikapanda kitini ili nifikiri, maana nikiwa pale juu ndipo hufikiri vizuri. Tangi liko hapa, mbele ya mapaja. Nikawaza, nitazame petroli kama ninavyotazama siku zote. Nikakishika kizibo nikakitingisha. Hakisogei, nilikitwanga vizuri mno. Nikakitingisha tena kwa kisu.

PAA!

Kizibo kilipita sikioni mwangu, kikaruka juu ya paa la kibanda cha matunda, na mpaka leo hakijaonekana. Nyuma yake petroli, iliyokuwa inachemka mle ndani kwa jua, ikapanda kama chemchemi na kushukia pale pale nilipokalia. Jamani. Petroli juu ya ngozi laini ya mtu. Mwanzo ni baridi, nikadhani nimeponea. Halafu ikaanza kuwasha, halafu ikaanza kuunguza kama pilipili iliyosagwa, mahali ambapo pilipili haina ruhusa, na mimi nikasahau umri wangu, nikasahau posa, nikaruka chini nikaivua suruali ya kanisani mbele ya stejini nzima, nikabaki na shati na tai na kaptura ya ndani aliyonishonea Mama Kahindi kwa pazia letu la zamani. Lina mabata.

"Maji!" nikapiga kelele. "Nileteeni maji!"

Mutiso ni kijana mwenye huruma, na mila zetu hazijui. Akatazama huku na huku, maji hakuna, akauona mtungi kwenye trela. Wale wazee walijaribu kumzuia, wallahi walijaribu, lakini kijana alishayang'oa makumbi yake na kunimiminia mnazi wa mahari ya binti yangu kuanzia kiunoni kwenda chini, wote, mpaka tone la mwisho, povu likitiririka hadi kwenye viatu.

Uliponya, hilo nitasema. Ulipoza.

Wanawake kwenye trela walikuwa wamejifunika nyuso. Mzee mmoja akamwambia mwenzake, "Sasa mnazi umenywewa na nani?"

"Na mabata," mwenzake akasema.

Sikuwa na pa kuweka uso. Nilitaka ardhi inifungukie, na ningeingia na kitrekta changu. Ndipo kitu kikaniangukia begani. Leso. Mama Safari alikuwa ameivua mabegani mwake na kuitupa bila kugeuza kichwa, amekazia macho njia ya Malindi.

"Mkwe," akasema, kana kwamba anaiambia ile njia ya Malindi, "jisitiri, watoto wanapiga picha."

Kuvaa nguo ya mkwe! Lakini kati ya hiyo na mabata, ungechagua nini? Nikaifunga kiunoni. Kilichoandikwa kwenye leso ile sikisemi, ila kiliandikwa nyuma, na waliokuwa kwenye trela walikisoma njia nzima.

Kahindi akasogea, miwani ameivua, macho yamemlegea. "Baba, inatosha. Nitaita bodaboda."

Nikamtazama mwanangu, nikakitazama kitrekta. Kilikuwa kimetulia, tangi liko wazi, kinanuka, masikini, kama kinaniomba radhi. Nikasema moyoni, mimi nimeshamaliza aibu zote zilizokuwepo Gede, sina cha kuogopa tena. Petroli ilibaki nusu. Nikamwambia Mutiso akae mbali, na kila mtu azime sigara, nikapangusa bati, nikangoja mpaka pakauke, nikakausha plagi, na kwa kuwa kizibo kilikwisha kwenda zake nikatandaza kile kitambaa changu cha mkononi juu ya mdomo wa tangi nikakifunga kwa uzi. Nikazungusha kamba. Nikavuta mara moja.

Tu-tu-tu-tu-tu-tu!

Kikawaka kama kilivyokuwa kinawaka kwa Mwitaliano, sauti safi, kamili, vijana wakapiga mayowe, wakwe wakapiga vigelegele, nikaruka juu, nikatia gia, tukaondoka. (Hapo ndipo ile video inapoanzia. Umeona sasa?) Nikawa nangojea kizime. Tukapita msikiti, hakijazima. Tukaacha lami tukaingia vumbini, hakijazima. Tulipofika mlimani, mahali ambapo hata mikokoteni hupumzika, nikashika usukani kwa mikono miwili nikasema Mulungu wangu, sasa, na kikapanda. Nyuma yangu nikamsikia Mama Safari akiwaambia dada zake, "Legezeni hayo makumbi ya mitungi iliyobaki, tunatikisika, mnazi upumue."

Upumue!

Jamani nilitaka kujipiga kofi, ila nilikuwa nimeshika usukani. Nikakitazama kile kitambaa juu ya tangi, kinaingia ndani kidogo, kinatoka kidogo, kinaingia, kinatoka, kama kifua cha mtoto aliyelala. Petroli ikishuka lazima hewa iingie nyuma yake, la sivyo inashuka na nini? Ile fyuuu haikuwa nguvu inatoka. Ilikuwa pumzi inaingia. Na pale stejini, juani, pumzi hiyo hiyo ilipokosa pa kutokea ndiyo iliyoisukuma petroli mpaka plagi ikalowa. Kile kitundu cha sindano nilichokidharau kilikuwa pua. Na mimi, mgema wa Kaloleni, niliyejua toka ujana kwamba kitu kilichomo mtungini huachiwa nafasi, nilikibana pua kitrekta changu kwa nta, kisha nikakilaumu kwa kukohoa.

Nikakaa wima. Leso inapepea, tai inapepea, na nikaingia uani kwangu kama gavana. Kuku wakatawanyika. Mama Kahindi akatoka jikoni na mwiko, akanitazama kuanzia tai, akateremka, akafika kwenye maua ya korosho.

"Suruali?" akauliza.

"Nitakueleza."

"Utanieleza," akasema. Lakini alikuwa anakitazama kitrekta, na alikuwa anatabasamu.

Mitungi ikawekwa chini, mmoja mtupu. Wazee wa Magarini wakaeleza kwa aibu lililotokea, na wazee wetu wakanong'onezana kama posa imeharibika au la, maana mnazi umefunguliwa kabla ya binti kuulizwa. Nikamwita Kadzo. Akaja akapiga magoti mbele ya watu, kichwa chini, na nikamuuliza, "Mwanangu, mnazi huu tuunywe?"

Akanyamaza. Nikaona kila kitu kinaondoka, binti, wakwe, na heshima yangu iliyobaki. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Mtoto alikuwa anacheka.

"Baba," akasema, "wewe si umeshauvaa? Na wenzako waunywe."

Ua mzima ukaangua vicheko. Wakati watu bado wanajifuta machozi Mama Safari akainua mkono, na akanyamaziwa.

"Mimi nimevuliwa leso njiani na mkwe," akasema, "na hilo lina faini yake." Wazee wakaitikia ndiyo, lina faini. Nikajua ni mbuzi. "Sitaki mbuzi. Siku ya kumchukua mwari, nitashuka pale pale lami, na nitaletwa hapa na hicho hicho. Sipandi kitu kingine. Na dereva awe huyu huyu." Akageuka kumtazama Kahindi. "Nasikia kuna mtu wa vyuma?"

"Hakuna, mama," Kahindi akasema. Kisha akanitazama, na mwanangu hana uongo, akasema mbele ya wote, "Hakikusukumwa."

Basi nimejifunza, na naandika ili na wewe mwenye kitrekta, au pampu, au hata mtungi wa mnazi, usipitie njia yangu. Nimechonga kizibo kingine, cha mvule, kizuri kuliko cha kwanza, na katikati nimekitoboa kwa sindano ya Mama Kahindi iliyopashwa moto. Nimeapa sitabana tena kitu bila kukiuliza kama kinapumua, na sitavaa tena ndani kitu kilichowahi kuwa pazia.

Yule mtu wa vyuma alikuja Jumatatu, hakuna aliyemwambia asije. Alinikuta langoni, injini inawaka, akanipigia honi nimpishe aingie. Nikampungia mkono arudi nyuma yeye, maana njia ni nyembamba na mimi nilikuwa na haraka, nakwenda Malindi kumnunulia mkwe wangu leso mpya. Jozi.